Mizani ya Taisto

Gari lilinigomea saa tisa alasiri,
giza likiwa limeshakaa kitako
juu ya mapaa ya Kemijärvi.
Digrii thelathini na moja chini ya sifuri.
Nilibonyeza. Kimya.
Nikavua glavu, nikabonyeza kwa kidole kitupu,
nikaufukia ufunguo kwapani kama yai,
nikaupulizia, nikautukana
kwa jina la kiwanda kilichouunda.

Nilikuwa na wagonjwa wawili bado:
Bibi Lempi wa sindano ya sukari,
na yule wa ng'ambo ya ziwa anayejifanya amelala.

Tumboni mwa rimoti hufichwa ufunguo mwingine,
wa chuma, mwembamba, usiojua umeme.
Nikauchomoa. Lakini tundu la kitasa
lilikuwa limeziba kwa barafu hadi kooni.

Basi nikarudi kwa Taisto, niliyetoka kumfunga bandeji,
nikabisha mlango niliokwisha kuuaga.
"Umesahau mguu wangu?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akavaa miwani yake miwili,
mmoja juu ya mwingine,
akaulaza ufunguo kwenye gazeti la juzi
kama samaki wa kuparuliwa.
Miaka thelathini na minne alisukuma magogo kwenye msumeno;
vidole vyake vimebaki vinane,
na vinane vile vilijua ufa uko wapi.
Kisu cha siagi, msokoto mdogo, tak.

Ndani: sarafu isiyonunua kitu.
Namba zimechongwa mgongoni, ndogo kama chawa.
Nikamsomea: mbili, sifuri, tatu, mbili.
Akatazama dirisha, kisha kabati.
Duka la karibu liko kilomita kumi na tisa,
na gari la kwenda huko ndilo hilo lililonuna nje.

Akainuka kwa mguu nilioufunga,
akarudi na mizani ya jikoni,
ya kioo, yenye picha ya limau iliyofifia.
Kila Jumatano huipimia chumvi ya samaki wake,
gramu kwa gramu, kama alivyoagizwa na daktari wa moyo,
na kabla ya daktari, na Irja,
ambaye mwandiko wake bado umebandikwa kwenye jokofu:
*thelathini, Taisto, si zaidi.*

Akaipindua, akaichokonoa betri kwa ukucha.
Nikasema hapana.
Akasema, "Mkono wangu unapima."
Nikasema mkono haujui gramu.
Akasema, "Mizani haina haraka. Lempi anayo."

Mara ya kwanza niliiweka kichwa chini.
"Alama ya kujumlisha itazame juu," akasema,
"hata kama hesabu zote za nyumba hii ni za kutoa."
Hakucheka. Nami sikujua kama nina ruhusa.
Tukabana. Tak. Kitaa chekundu,
kama jicho la panya,
na huko nje, gizani, gari langu
likapepesa mara mbili.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemwavyo.
Siku ile methali ilivaa koti nje ndani:
mimi mwenye mkoba wa dawa ndiye niliyepona,
na Lempi alipata sindano yake
dakika nane tu baada ya saa yake.

Ijumaa nilimletea pakiti ya betri tano.
Mizani ilikuwa mezani, kipofu,
imegeuzwa kuwa kisahani cha kikombe.
Akanikatia samaki, akamlaza juu ya mkate wa shayiri,
akanikodolea nikitafuna.
Chumvi. Chumvi tupu. Chumvi yenye samaki kwa mbali.
"Mkono?" nikauliza.
"Mkono," akajibu, bila haya.

Nikatia betri mwenyewe, alama juu.
Mizani ikazinduka, ikaandika sifuri, ikangoja.
Kisha nikampima presha, hakuuliza kwa nini,
nikaondoka na chupa ya maji katikati ya mapaja,
nikinywa hadi ng'ambo ya ziwa.