Lumbesa

Kabla ya mavuno mapya mzani wangu hulala njaa.
Sokoni Kibaigwa hakuna gunia, kuna pumba na njiwa.
Ndipo Perisi akaja na simu yenye ufa,
akakaa juu ya turubai:
Baba, dirisha la kubadili machaguo linafungwa Ijumaa.

Nikamwambia, nisomee. Kupima ndiyo kazi yangu.

Upande huu PCB: fizikia, kemia, baiolojia,
miaka miwili Kondoa, bweni, ada hakuna,
ila godoro, tranka, fyekeo, rimu mbili
na nauli, ambayo hakuna aliyeitaja.
Mwishoni mtihani, halafu chuo kikuu, pengine.
Upande huu stashahada ya utabibu, mjini,
miaka mitatu, milioni na laki mbili kila mwaka,
na koti jeupe ukitoka.

Mwalimu Ndahani kasema tano na sita ndiyo lami.
Shemeji Chilongani kasema lami nayo ina mashimo:
mwanawe alimaliza sita na divisheni tatu,
sasa anasajili laini za simu Nkuhungu.
Wote wawili walisema kwa uzito wa kilo mia.

Mimi najua gunia. Najua lumbesa,
lile lililoshonewa kilemba
ili mnunuzi abebe gunia na nusu
na mkulima alipwe moja.
Nikauliza: katika haya, kilemba kiko wapi?
Akafikiri.
Kemia, akasema. Nilipata C.
Na unalolipenda?
Kemia.

Hapo nikakosa jiwe la kuweka.

Akaniuliza: barua yako ya kidato cha tano
ilikuwa ya shule gani?
Sikujua kwamba anajua.
Tabora, nikasema. HGL. Mwaka ule mtama uliungua.
Niliikunja mara nane
nikaisukuma chini ya mguu wa mzani huu, uliokuwa mfupi.
Ilidumu misimu miwili.

Hakucheka, wala hakunihurumia.
Akapanda mzani kama alipokuwa mdogo,
na ndala zake, na simu yake.
Mshale ukayumba, ukatafuta,
ukakaa arobaini na nane.

Nikaandika daftarini, kwa mazoea,
chini ya mizigo ya msimu uliopita.
Nilipofika penye jina la mwenye mali
nikampa kalamu.

Ilikuwa Jumanne.