Kope Zilizogoma

"Mama, mbona unanikodolea?" kasema mnunuzi wa alizeti,
akaongeza shilingi hamsini kwa kilo, kwa woga.
Sikumkodolea.
Kope zangu zimegoma kushuka.

Vumbi la Kibaigwa linaingia bila hodi.
Lori moja naliona mawili,
nikivuka barabara sijui nikwepe lipi.

Ndahani, mume wangu: "Unalala macho wazi
kama mtu anayenivizia."
Tulicheka gizani. Usiku wa pili hatukucheka.

Kule Mvumi daktari hakuanza na macho.
Alinishika shingo, akaniambia meza mate,
akahesabu mapigo, akadai picha ya zamani.
Nikampa kadi ya kura.
Akatuweka sambamba, mimi na mimi,
akatutazama kwa zamu.
"Tezi ya shingo," akasema, "inakimbia kuliko wewe mwenyewe."

Sasa ni vidonge, marhamu,
na plasta: kila usiku Mbeleje, kitinda mimba wangu,
hunibandika kope taratibu
kama anayejalidi daftari jipya la shule.

"Mama, bado unaniona?"

Sijibu upesi.
Nasubiri pumzi yake isogee,
ina harufu ya ubuyu.