Uzi wa Nne

Norris Blenkinsop, leo nimelipokea gitaa lako
kwa binti yako, Sunderland, katika manyunyu,
limefungwa blanketi la kijivu kama mgonjwa.
Nyuzi zina kutu. Ule wa nne, mnene, umelegea,
unaning'inia kama mshipi wa mtu aliyekonda.

Ulianza na sanduku la chai,
mpini wa fagio na kamba ya kuanikia nguo,
na mama yako akauliza nguo ataanika wapi.
Yeye huyohuyo ndiye aliyetia saini dukani:
shilingi kumi kwa wiki, miaka mitatu,
na nyumba nzima ikanuka kabichi.

Mimi ngoma, wewe besi.
Mpiga gitaa alipiga akiwatazama wasichana,
mwimbaji akiitazama dari. Sisi tulitazamana.
Kisigino chako ndicho kilikuwa saa yangu.

Halafu yule mzee wa Mississippi,
aliyeletwa Newcastle na koti jepesi, mwezi wa Januari.
Tulitaka kumwonyesha yote tunayoyajua.
Akasimamisha wimbo katikati, mbele ya watu mia mbili,
akakugeukia, wala si kwa hasira:
"Kijana, niachie mahali pa kuvuta pumzi."
Usiku ule garini, kati ya maspika na harufu ya petroli,
hukunena neno mpaka Durham.
Tangu hapo ukawa unapiga sauti moja
pale ambapo wenzako wangepiga saba.
Wapo waliokuita mvivu.

Kwenye jalada la santuri tuko watano.
Wewe ni bega na sikio moja;
mkasi wa London ulipita hapo.
Na wiki mbili kabla ya safari ya Marekani
meneja alikuita mkahawani, akakununulia yai na chipsi,
akakwambia roki siku hizi inataka nywele.
Ulimaliza yai. Ulinisimulia mara nyingi hilo,
kwamba ulimaliza yai.

Nami nilipanda ndege. Nilipanda, Norris.
Miezi minne nikapiga ngoma nyuma ya kijana mwenye nywele,
macho yangu yakikitafuta kisigino chako
jukwaani, mahali ambapo hakipo.

Kwako zikaja harusi, feri ya kwenda Uholanzi,
duka la mazulia Darlington, ukipima vyumba vya watu
kwa futi na kwa subira,
na Alhamisi, baa iliyo nyuma ya kituo cha reli,
watu kumi na wawili na mbwa.
Masikio yalipokufa uliegemeza taya
kwenye ubao wa gitaa, ukasikia kwa mfupa.

Leo mjukuu wako ameuweka wimbo wetu kwenye simu,
spika ndogo kama kifungo cha shati.
Mwimbaji yupo. Gitaa lipo. Hata mimi nipo,
matoazi yangu yanatoa sauti ya mafuta kikaangoni.
Wewe hupo. Hupo kabisa.
"Kwani babu alikuwa anapiga nini?"

Nikatafuta maneno, nikayakosa.
Nikaukaza uzi wa nne, nusu zamu, tena nusu,
kutu ikinichafua vidole,
nikamwambia alete tumbo lake hapa, alibane kwenye ubao,
aache kusikiliza.
Bado haujakaa sawa.