Sega Lisilo na Asali

Mwanjelwa, asubuhi. Loleza bado imejifunika ukungu.
Fundi Anyitike amelikata bomba la moshi,
ametoa sega la kauri, jeusi, jepesi.
"Litupe," nasema.
Anacheka.
"Humu mna platinamu, mama.
Vumbi. Chavua ya mahindi ni jabali mbele yake."

Moshi wenye sumu, anasema, hutua hapo,
oksijeni ikaushika mkono,
vikatoka vimepatana.
Vumbi halidai nauli. Halipungui.

Miaka kumi na minne nimepanda Kawetire kwa gia ya kwanza
nikililaani gari kwa kula mafuta,
na kumbe nyuma yangu
kulikuwa na kitu kimekaa motoni
kikifanya kazi bila kuliwa.

Mnunuzi ameshafika, anahesabu noti.

Lichomelee tena, Anyitike.