Athari Moja

Athari, katika mji huu, ni kipimo:
nusu saa ya maji ya falaji.
Kwetu Wete nilikozaliwa
athari ni kile kinachobaki mtu akishaondoka.
Miaka kumi na mbili naandika daftari la maji
na maana zote mbili zinagombania kalamu.

Bi Ghanima binti Nasor, Mungu amrehemu,
hakuacha nyumba wala dhahabu.
Aliacha athari moja, kila baada ya siku nane,
iuzwe mnadani, na pesa yake apewe
(nanukuu karatasi, wino umeshakuwa rangi ya chai)
"anayeona haya kuomba."

Sasa niambie, utampata wapi?
Mwenye haya haji ofisini.
Ukimuuliza hali, njema, alhamdulillahi,
na atakumiminia kahawa ya mwisho iliyomo ndani.
Nimejifunza kutazama kamba za nguo,
mtungi wa gesi uliolala ubavu wiki ya pili,
mtoto anayesema hapendi safari ya skuli.
Bahasha naipenyeza chini ya mlango baada ya Isha,
nakimbia kama mwizi, na goti langu hili.

Siku ya mnada dalali Zahor husimama juu ya jiwe.
"Athari ya Bi Ghanima! Riali mbili! Mbili na nusu!"
Wenye mitende hutazamana, hukuna ndevu;
maji ni maji, lakini mbili na nusu zatosha.
Ndipo Sleyum wa Humud, nyuma kabisa,
hunyanyua bakora: "Saba."

Watu hucheka. Kila mara hucheka.
Kwa sababu Sleyum hana shamba.
Aliliuza mwaka wa kimbunga, mti mmoja mmoja,
kumtibu mkewe, na mkewe hakupona.
Hana mtende, hana hata mche wa rihani kwenye kopo,
na ananunua maji!
"Utayaoga, Sleyum?" "Utayafuga?"
Yeye hucheka nao, ufizi wote nje,
huhesabu noti, husahau chenji.

Zamu yake ikifika, hata iwe usiku wa manane,
hukaa ukingoni, huosha miguu,
kisha hung'oa kizibo cha matambara
upande wa mitende tisa ya Bi Thuwaiba,
ambaye anaamini mpaka leo
kwamba mfereji unavuja.

Tenda wema wende zako, ndivyo tulivyofunzwa.
Huyu hakwenda. Amebaki hapa hapa, achekwe.

Sisemi vibaya juu ya wengine. Mwezi uliopita, Maskati,
nimeona hundi ya ubao, kubwa kama mlango,
watu wanne wameishika, kamera zinamweka.
Ilinunua mashine za kusafishia damu.
Mpwa wangu hulala pale mara tatu kwa wiki;
mashine haimuulizi nani alipigwa picha.
Nami nilipiga makofi.

Ila daftari lina pembezoni.
Katikati naandika Kiarabu: imeuzwa, saba, zimepokelewa.
Pembeni, kwa Kiswahili, nikidhani hakuna asomaye tena,
nimekuwa nikiandika yaliyobaki:
nani alinunua, maji yakenda kwa nani,
bahasha ikaingia mlango gani.
Siri ya wengi ni nzito kwa mtu mmoja.

Juzi wizara imemleta mkaguzi, binti mdogo, Asila,
kompyuta begani, viatu vyeupe vya kukimbilia.
Akapitisha kidole safu kwa safu.
Kidole kikaingia pembeni.
Kikasimama.
Midomo yake ikaanza kutikisika, silabi kwa silabi,
kama mtu anayeonja chakula cha utotoni.

Nikajua nimekwisha.

Akafunga daftari. Akapiga muhuri.
"Hesabu iko sawa," kwa Kiarabu, kwa sauti, mwenyekiti asikie.
Mlangoni, akifunga kamba za viatu, bila kunitazama,
kwa Kiswahili cha bibi yake, kilichokaa sana kabatini:
"Yanatosha, hayo maji?"

Hayajatosha hata mara moja, mwanangu.
Lakini yanafika.