Nipo

Liwale, karakana nyuma ya hospitali.
Wingu limesimama upande wa Kilimarondo toka asubuhi,
halijaamua. Tuna siku tatu. Labda mbili.

Mganga mkuu katuma mtu: gari lioshwe.
Nimemrudishia neno kwamba sabuni ni ya gwaride.
Mimi nimelala chini ya gari, mgongo juu ya gunia la korosho,
grisi mpaka kwenye nyusi,
nalisikiliza kwa vidole.

Mchopa, nipe spana kumi na saba.
Siyo hiyo. Hiyo ni kumi na tisa,
uliyofungulia soda jana, nilikuona.

Nafungua difu ya nyuma. Oili inatoka nyeupe,
chai ya maziwa kabisa, ya msibani:
ilikunywa maji korongoni masika yaliyopita
na haikumwambia mtu.
Chuma hakikohoi.
Kinakaa na ugonjwa wake kimya
mpaka siku umepakia watu.

Wahenga walitaja ufa, wakataja ukuta.
Sili ya ekseli hawakuitaja,
wala njia ya Kikulyungu mwezi wa tatu.
Huko hujengi ukuta.
Huko unalala porini, na boksi la chanjo mapajani,
unahesabu barafu inavyokuwa maji.

Kimrija cha kupumulia difu kilikuwa kifupi, chini ya goti.
Nimekiunga na mpira wa dripu uliopitwa na tarehe,
nikaupandisha, nikaufunga kandokando ya mkonga.
Sasa kila chenye pumzi humu
kitapumulia juu ya maji.

Zamu ya grisi.
Vile vichuchu vya chuma, mafundi wanaviita nipo.
Napenda hilo jina. Naviita kama mwalimu wa zamu:
shafti ya mbele? Nipo.
Shafti ya nyuma? Nipo.
Shakeli ya kushoto, ile iliyokula springi mbili? Nipo.
Cha kumi na moja kimenyamaza.
Pampu inagoma, grisi inanirudia kiganjani.
Nakiacha. Nitakurudia wewe.

Kwenye kasha la eya klina, panya kazaa.
Watano, wekundu, macho bado.
Gari lilikaa miezi mitano likingoja springi kutoka Lindi;
yeye hakungoja mtu.
Mchopa anasema tuwatupe kwa kunguru.
Nainua tandiko lao: pamba, nyuzi za kiti,
na kadi ya kliniki, imetafunwa ikawa laini kama kitambaa.

Uzito, kilo saba na nusu.
Kijiji, kimeliwa.
Jina: Somo—
halafu meno.

Mimi naitwa Somoe.
Huenda ni somo wangu, huenda ni mwingine.
Chini, kwa bluu, mwandiko wa nesi:
Machi, hayupo.
Aprili, hayupo.
Mei, mstari tu.

Machi ile naijua. Aprili naijua.
Nilikuwa kwenye tope jeusi kilomita tisa kutoka kwao,
difu inalia kama mashine ya kukoboa,
koleo moja, mbao hakuna,
tairi zimejaa upepo kama za lami
kwa sababu nilijiona dereva.
Hayupo.
Nani hasa hakuwepo?

Wale watoto nimewahamishia kwenye kopo tupu la grisi,
nikaliweka nyuma ya matofali. Mchopa kacheka mpaka kakaa chini.
Acheke. Kadi nimeiweka juu ya dashibodi.

Nimerudi kwa cha kumi na moja.
Nimekichokonoa kwa spoku ya baiskeli,
nikakipasha moto wa kiberiti, nikapampu kwa uzito wa mwili wote.
Ikatoka kwanza grisi kavu, nyeusi, na mchanga wa mwaka jana.
Kisha kahawia.
Kisha safi.

Nipo, kikasema, au nikasema mimi.

Mchopa kaenda kula.
Mbao mbili tayari, koleo tayari, panga limenolewa.
Tairi la spea bado.