Jina la Trei ya Saba

Kazi yangu ilikuwa kuosha tope.
Tope la Gotland, la kijivu, lililolala miaka milioni mia nne na ushei
likingoja ndoo yangu ya plastiki na kijiko cha magadi.
Siku tatu lilowe, ya nne nilichekeche,
na kitakachobaki juu ya wavu mdogo kabisa,
kiasi cha kujaza ganda la yai,
nimpelekee Torborg pale dirishani.

Yeye alikuwa na brashi ya unywele mmoja.
Aliilamba, akaigusisha punje, punje ikanata,
akaihamisha kama mtu ahamishaye sisimizi.
Huyu mnyama, aliniambia, ni jamaa wa kiti cha pweza,
ila mikono yake ni mijeledi,
na akifa hana subira:
nyama huoza kabla ya Jumapili,
mifupa hutawanyika, mamia kwa mamia,
kila mmoja na njia yake.
Anayemngoja mzima atazeeka.
Sisi tunamjua kwa mbavu.

Mbavu! Ndogo kuliko punje ya chumvi.
"Umbo hudanganya," alisema. "Tazama masikio."
Kweli, kwenye ukingo, pale miiba iliposhikiliwa,
palikuwa na vishimo vilivyokunjamana kama masikio,
kila kimoja na tundu la msuli, na tundu la neva.
Masikio matano: trei ya tatu.
Matatu, na ubavu mrefu mwembamba: trei ya saba.

Miaka kumi na tisa alihesabu masikio.
Trei ya tatu ilitangulia kupata jina,
jina kavu, la kijiji cha machimbo.
Ya saba akaipa jina la mama yake, Alfhild,
aliyefagia kiwanda cha saruji cha Slite
hadi kifua kikakataa.
Chokaa ile ile, alisema mara moja tu,
akarudi kwenye lenzi.

Desemba, saa tisa alasiri, giza tayari mlangoni,
nikakuta kwenye wavu kitu kisichokuwa na haki ya kuwepo:
kipande cha mkono kilichokataa kuachana.
Mbavu kumi na moja, bado zimeshikana.
Nikakitia chini ya lenzi bila ruhusa.
Upande wa shina, matano.
Nikasogeza. Matano. Manne.
Manne.
Kwenye ncha, matatu,
na mbavu ndefu, nyembamba.

Mkono mmoja, basi. Trei mbili, mnyama mmoja.
Na sheria ya majina haijui msiba:
la kwanza hubaki, la pili huenda.

Nilikitia ndani ya kasha la kiberiti, kasha mfukoni.
Ijumaa. Jumamosi.
Jumapili nilikula samaki kwa shangazi Ragna,
akaniuliza mbona huvui koti mezani.
Ningemjibu nini?
Nimebeba mama wa mtu.

Jumatatu nikamwekea kasha. Sikusema neno.
Akatazama hadi chai yangu ikapoa,
nikaichemsha, ikapoa tena.
"Umekipata lini?"
"Alhamisi."
"Siku nne," akasema, jicho bado kwenye lenzi.
"Mimi niliyaona manne miaka sita iliyopita.
Nikayaita kasoro.
Yamo kwenye lile kopo la biskuti, nyuma ya mlango."

Hakumimina. Alihamisha moja moja,
mia tatu na kumi na mbili,
kutoka ya saba kwenda ya tatu, akilamba brashi,
nami nikihesabu kwa sauti kwa kuwa aliniomba,
na nilipokosea, tulianza upya kutoka mia mbili.
Kisha akachukua kadi ya trei ya tatu
na chini ya lile jina kavu la kijiji
akaandika la mama yake, kwa herufi ndogo, na mwaka,
kama ada ilivyo: jina lililoanguka halitupwi,
hukaa chini ya lililosimama
ili ajaye ajue nani alikosea, na lini.

Trei ya saba aliiosha akanipa.
Naikaushia brashi.